Kukandika Nyumba ya Ibra

Kazi ya kwanza haikuwa ya udongo wala ya boriti. Ilikuwa ya sahihi. Nyumba aliijenga baba yake babu yetu, mfanyabiashara aliyekuwa akienda na kurudi kati ya Ibra na Tabora mpaka alipozikwa Tabora, na tangu hapo haikugawanywa. Walirithi watoto wake, wakarithi wajukuu, na kila msiba ukaikata vipande vidogo zaidi: mke thumuni, mume robo, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Mpaka zamu yetu inafika, warithi walikuwa zaidi ya thelathini, wametapakaa Maskati, Dubai, Unguja, Tabora, Bujumbura na London, na baadhi yao hawakujua kama Ibra ni mji au ni jina la mtu. Haki yangu mimi, niliyoipata kwa marehemu mama, ukiigeuza kuwa eneo haitoshi kuweka kiti.

Aliyeamua kuifufua ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Amestaafu uhandisi, ana pensheni, ana subira, na hapendi kuona kitu kinaharibika bure. Muda alioutumia kukusanya hati za uwakala ulikuwa mrefu kuliko tulioutumia baadaye kuchanganya udongo. Mrithi mmoja alitaka kwanza aambiwe kama kuna hazina. Mwingine alikataa kutia sahihi kwa sababu ya ugomvi wa harusi ya zamani, na ikabidi mama mkubwa mwenyewe apige simu. Karatasi ya mwisho ilipofika, kaka akanipigia.

"Sasa njoo," akasema. "Wewe umekulia kwenye tembe. Huku kila fundi ninayemuuliza ananitajia simenti."

Ni kweli nimekulia kwenye tembe, Tabora, upande wa kuelekea Kwihara, si mbali na lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 ambalo sasa ni makumbusho. Kila kiangazi tulichimba udongo wa kichuguu, tukaukanda, tukaziba nyufa kabla mvua hazijaanza. Sikuwahi kuuhesabu kuwa ni ujuzi. Ilikuwa kazi ya watoto, kama kuchota maji.

Nilifika Maskati Novemba, joto limeshavunjika. Kazi ya udongo kule hufanywa kati ya Novemba na Machi. Ikifika Juni jua linapita nyuzi 45, tofali linakauka nje kabla ya ndani na kupasuka, na fundi mwenye akili yake anakaa ndani.

Ibra iko bara, kama saa mbili kwa gari kutoka Maskati, katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini. Barabara inapasua milima ya mawe makavu yenye rangi ya kahawia iliyoungua. Hakuna mti, hakuna nyasi, na mbuzi wanaopita pale sijui wanakula nini. Halafu mitende inajitokeza. Mji mpya uko kando ya barabara kuu: majumba ya matofali ya simenti, kuta nyeupe, mageti ya chuma, benki, maduka ya vipuri. Mji wa kale uko nyuma, ndani ya mitende. Kaka alinipitisha kwanza mtaa wa Al Munisifeh, nadhani makusudi, ili nione mambo yanavyokuwa nyumba zikiachwa. Majumba ya ghorofa yamesimama bila mapaa. Matao yapo, hata vidaka vya ukutani vipo, lakini ukichungulia ndani unakuta dari la juu limelala juu ya dari la chini, yote mawili yamelala sakafuni, na mbuzi amelala juu yao.

Mitaa ya namna hiyo ilijengwa kwa fedha iliyotoka kwetu. Katika karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, watu wa Sharqiyah walikuwa miongoni mwa waliojaa huko na kuingia bara mpaka Tabora na Ujiji. Walifanya biashara ya pembe za ndovu, ya karafuu, na ya watu. Faida ilirudi kwa majahazi, ikapanda bara kwa ngamia, ikawa kuta. Waliokufa wakiwa Tabora waliacha kwetu miembe na majina. Huku waliacha nyumba.

Yetu haimo Al Munisifeh. Iko kijiji kidogo mbele zaidi, kwenye njia ya kwenda Al Mudhairib, chini ya kilima chenye mnara wa ulinzi. Mama mkubwa aliletwa hapo bi harusi kutoka Tabora, na akaishi humo mpaka walipohamia nyumba mpya. Karibu kila mtu alihama miaka hiyo. Sultani Qaboos alipochukua madaraka Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na kilomita 10 za lami na shule 3. Ndivyo Waomani wenyewe wanavyohesabu. Mafuta yakaleta barabara, umeme, mikopo ya nyumba na viyoyozi, na watu wakatoka kwenye udongo bila kugeuka nyuma. Siwalaumu. Nimewahi kusikia wageni wakilalamika kwamba Waarabu wameacha nyumba zao nzuri za kale. Hao hawajapanda ngazi za udongo usiku na ndoo ya maji kichwani.

Nyumba yenyewe ina sakafu mbili. Chini kuta ni za mawe yaliyoshikwa kwa udongo, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha. Juu ni matofali mabichi ya udongo. Unaingia kwa mlango wa mbao nzito, unakata kona, ndipo unapata ua, kwa hiyo mpita njia hata mlango ukiwa wazi haoni kitu. Upande wa kulia kuna baraza la kupokelea wageni. Upande wa kushoto kuna chumba kidogo kisicho na dirisha ambacho sakafu yake imejengwa matuta membamba yaliyolala sambamba, na katikati ya matuta kuna vijifereji. Humo walipanga magunia ya tende, moja juu ya jingine mpaka darini. Uzito wa yale ya juu uliyakamua ya chini, asali ikatiririka kwenye vijifereji mpaka kwenye mtungi uliofukiwa pembeni. Niliingiza kidole kwenye kimojawapo. Kilikuwa bado cheusi, kimeng'aa, na sisimizi walikuwa na njia yao ya kudumu hapo, ingawa hapajawekwa tende tangu kabla kaka hajaoa.

Vyumba viwili vya juu vilikuwa havina paa. Chanzo kilikuwa mlizamu. Paa la udongo ni tambarare, lina mteremko mdogo tu unaopeleka maji kwenye milizamu, na kila mlizamu unatakiwa utokeze nje kiasi cha dhiraa ili maji yaanguke mbali na ukuta. Mmoja ulivunjika, hakuna aliyekuwepo kuubadilisha. Mvua ya Ibra ni ya mara chache, lakini ikija inamwaga. Maji yakaanza kushuka ndani ya ukuta, yakafika mahali vichwa vya boriti vilipokaa, vikaoza. Boriti moja ikikatika udongo wote uliokuwa juu yake unahamia kwa jirani, naye hakuzoea. Nyumba nzima iliyobeba watu vizazi vitatu iliangushwa na kipande cha mbao kisichozidi mkono wangu.

Halafu kulikuwa na simenti. Mume wa mama mkubwa, Mungu amrehemu, kabla ya kuhama aliona kuta za chini zinamong'onyoka, akaleta watu wakapiga lipu ya simenti pande zote kufikia kimo cha kiuno. Ilikuwa nia njema, na ilikuwa ndiyo mtindo. Lakini ukuta wa udongo unanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa kwa uso wake, taratibu, mchana ukipata jua. Ukiufunga kwa simenti unyevu unabaki ndani, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inapanda nao. Nilipogonga lipu ile kwa kifundo cha kidole ililia tupu. Kijana mmoja akaingiza ncha ya sururu, akabinya, na kipande kikubwa kikatoka kizima, kimenyooka, kigumu kabisa. Nyuma yake ukuta ulikuwa unga. Ulimwagika miguuni mwetu bila kuguswa.

Kaka alitazama kwa muda, kisha akasema simenti ndiyo imebaki ikishikilia ukuta, si ukuta kuishikilia simenti. Ndiyo sentensi pekee ya kiuhandisi niliyomsikia akiisema kwa uchungu.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee wa kijiji cha jirani. Ujanani alifanya kazi kwenye matengenezo ya ngome ya Bahla, ile ngome kubwa ya udongo iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini, na haikutolewa humo mpaka 2004. Huko ndiko alikojifunza upya kazi ambayo baba yake aliifanya bila kufikiri. Hakuwa mtu wa maneno. Siku ya kwanza aliomba aonyeshwe udongo, nikadhani nitaonyesha ujuzi wangu: nikachukua chupa ya maji, nikatia udongo nusu, nikaongeza maji, nikatikisa, tukasubiri utulie. Mchanga ukakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Akaitazama chupa kwa adabu. Kisha akachukua donge, akalilowesha, akalivingirisha kiganjani mpaka likawa kamba nene kiasi cha kidole cha mwisho, akaishika upande mmoja na kuiacha ining'inie. Ilikatika mapema. Akatupa, akaelekea upande wa pili wa shamba, akachimba zaidi, akavingirisha tena. Pale pa tatu kamba iliinama bila kukatika.

Nilimuuliza, kaka akitafsiri, kama hawana vichuguu. Kwetu udongo wa kichuguu ndio bora, mchwa wameshauchekecha na kuufunga kwa mate yao. Akajibu kwamba mchwa wapo, ila wa kule wanakula nyumba, hawajengi.

Udongo mzuri ulikuwa kwenye shamba la mitende lililolala, la mmoja wa warithi. Ili kuulainisha tulihitaji maji mengi, na maji ya kijiji kile ni ya falaj, mfereji unaoyaleta kutoka chini ya ardhi, mbali huko mguuni mwa mlima, kwa mteremko tu, bila pampu. Omani ina mifereji ya namna hiyo kama 3,000 inayofanya kazi hadi leo, na mitano kati yake imeingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Hadithi ya wazee ni kwamba Nabii Suleiman aliwaamuru majini waichimbe. Utaratibu wake umekamilika kuliko wa mamlaka nyingi za maji ninazozijua: kwanza watu wanachota ya kunywa, baadaye msikiti na pa kuogea, kisha mashamba, kila mwenye haki kwa zamu yake. Kipimo ni athar, yaani kama nusu saa ya maji. Zamani mchana waliipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Siku hizi saa ya mkononi inatosha, ingawa fundi wetu alidai nyota hazihitaji betri.

Familia ilikuwa imeshauza maji yake zamani. Kwa hiyo kaka alikwenda mnadani. Baadhi ya zamu ni mali ya falaj yenyewe. Zinauzwa kwa mnada na fedha inalipia matengenezo. Wanaume walikaa kwenye ukingo wa mfereji, dalali akipita mbele yao akitaja bei kwa sauti ya haraka sana, mtu anainua kidevu tu na bei inapanda. Sikuona hata mmoja aliyefungua mdomo zaidi ya dalali. Kaka alipata athar moja ya usiku, saa ambayo wengine hawakuitaka. Tulikwenda na tochi, mwangalizi wa maji akainua kitambaa na jiwe lililoziba tawi letu, maji yakaingia shambani, na tukasimama tukisikiliza udongo ukinywa. Zamu ilipoisha alirudisha jiwe bila kuongeza hata dakika.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya miguu. Udongo ulirundikwa, ukachanganywa na mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, ukaachwa uvunde. Ni lazima uvunde. Baada ya siku kadhaa unatoa harufu ambayo majirani wa majumba mapya waliitolea malalamiko, na hapo ndipo unanata vizuri. Vijana wanne wa Bangladesh, ndio walioajiriwa, walivua viatu wakaingia kuukanyaga. Mmoja wao alitoka kijiji cha huko kwao ambako nyumba ni za udongo. Aliingia kwenye shimo akakunja suruali, akaanza kukanyaga kwa kisigino akizunguka kutoka ukingoni kwenda katikati, na fundi akaacha alichokuwa akifanya, akamwangalia, akawaambia wengine wamfuate. Wale wengine walikuwa wamezoea mashine ya zege. Nikawatazama tuliokuwepo: warithi zaidi ya thelathini wenye haki kwa hati, na wanaojua kazi ni mzee asiye wa ukoo, kijana kutoka Bangladesh, na mimi wa Tabora niliyekuja kutoa ushauri na kuishia kubeba karai.

Matofali tuliyafyatua kwa kalibu ya mbao, yakalazwa juani, yakageuzwa, yakasimamishwa kwa ubavu. Kukandika ukuta kulinipendeza zaidi. Fundi hakutumia mwiko. Alichukua donge kwa mikono miwili, akalitupa ukutani kwa nguvu ili liingie kwenye mianya, kisha akalisambaza kwa kiganja kwa nusu duara. Ukutani zikabaki alama za vidole. Kaka akataka zisawazishwe. Fundi akakataa: uso wenye mikunjo hukauka bila kupasuka, na tabaka la mwaka ujao linapata pa kushika. Neno "mwaka ujao" lilimshtua kaka kidogo. Alikuwa amefikiria kutengeneza, si kuanza.

Saruji ya kale, ambayo haina uhusiano na simenti ya mfukoni, tuliitumia penye maji tu: kwenye kingo za paa, milizamu na sehemu ya chini kabisa ya kuta. Kuitengeneza ni mradi mwingine. Udongo wa mfinyanzi unafanywa mikate minene, inakaushwa, inapangwa juu ya magogo ya mitende iliyokufa, na tanuri linachomwa kwa siku kadhaa. Moto ukizima, mikate imekuwa ya rangi ya waridi. Inatwangwa kwa virungu mpaka iwe unga, inachekechwa, inachanganywa na chokaa. Tulichoma tanuri dogo sana na bado moshi ulifika barabara kuu. Kinachopatikana ni kidogo, na mshahara wa siku zote hizo ukiugawa kwa ndoo, simenti inaonekana sadaka. Ndiyo maana haikushindwa kwa ubora, ilishindwa kwa bei.

Nilipopanda kwenye vyumba vilivyobaki na dari nilipata kitu ambacho sikukitarajia bara ya Omani. Nusu ya boriti hazikuwa mitende. Zilikuwa miti membamba iliyonyooka, mizito, yenye wekundu uliokolea ndani pale ilipochubuka: mikoko. Boriti za mikoko zilisafirishwa kwa karne nyingi kutoka Rufiji na Lamu kwenda Ghuba, kwa sababu nchi za huko hazina mbao za kutosha. Urefu wa boriti ndio umeamua upana wa vyumba vya Mji Mkongwe, Unguja, takribani mita tatu bila kuzidi sana, na hapa Ibra nilipopima chumba kwa hatua zangu nilipata ule ule. Mti wa Rufiji ulikuwa umechora nyumba ya jangwani. Mchwa hawakuwa wameugusa. Ile iliyooza ni iliyofikiwa na maji ya mlizamu, basi.

Kuibadilisha kwa mikoko mingine hakuwezekani. Kenya ilipiga marufuku kuuza nje tangu 1982, na sioni sababu ya kukata mikoko ya leo ili kupendezesha dari la wageni. Fundi alipasua magogo ya mitende katika robo, akazipanga ule upande mgumu ukiangalia chini, juu yake mkeka wa matawi ya mitende yaliyofungwa kwa kamba, kisha majani, kisha udongo, kisha watu wa kuushindilia. Robo za mtende zina nyuzi zinazochoma viganja. Vijana walivaa soksi mikononi.

Kulikuwa na mjadala mmoja ambao haukuwa wa ufundi. Chini ya ngazi, ndani ya ua, kuna chumba kifupi. Mtu mzima hasimami wima. Kaka ana mpango wa kukodisha vyumba vya juu kwa wageni, kwa mtindo wa Misfat al Abriyyin, kijiji cha mlimani ambacho nyumba zake za kale zimekuwa za kulala wageni na ambacho Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikitaja miongoni mwa vijiji bora vya utalii mwaka 2021. Kwa hiyo alichora ramani, na kila chumba akakipa jina. Hicho alikiandika "stoo". Mama mkubwa, ambaye hakuwa ameulizwa, aliikuta ramani mezani.

"Hii siyo stoo," akasema. "Hapa walilala watu."

Kaka akanyamaza. Aliowasema walikuwa watumwa wa nyumba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe Omani haukufutwa rasmi mpaka 1970, na mama mkubwa alipoletwa bi harusi aliwakuta wazee wa kike waliozaliwa ndani ya hali hiyo, wawili, mmoja akikumbuka nyimbo za Kinyamwezi bila kujua maana yake. Wajukuu zao wanaishi kijijini hapo hapo, wana jina la kabila lile lile, na mmoja ndiye mwenye lori lililotuletea mawe. Nilisema maoni yangu: kama wageni wataambiwa habari za majahazi na pembe, waambiwe na hicho chumba. Kaka alisema mgeni wa siku mbili haji kwa ajili ya hayo, na zaidi, mwenye lori atajisikiaje? Nikasema aulizwe mwenye lori. Bado hajaulizwa. Ramani ya pili ilipotoka chumba kile kilikuwa kimechorwa, hakina jina.

Mambo ya maji na umeme nitayapitia haraka kwa kuwa hayana utamu. Bomba likivuja ndani ya ukuta wa udongo, ukuta umekwisha; kwa hiyo vyoo na bafu vilijengwa nje ya nyumba, nyuma ya ua, kwa matofali ya simenti, na simwonei haya mtu. Nyaya zinapita juu ya ukuta ndani ya mabomba membamba. Haipendezi, lakini hakuna aliyechimba ukuta. Kuhusu kiyoyozi nilisimama upande wa fundi: kuta nene zinatosha. Mama mkubwa akatucheka sote.

"Udongo ni baridi kwa mgeni wa Januari," akasema. "Mimi nimezalia humu Julai."

Kiyoyozi kikawekwa.

Siku aliyokuja kukagua, karibu na mwisho, alivaa viatu vya mpira na kukataa kushikwa mkono kwenye ngazi. Aligusa kuta. Alisimama chini ya boriti mpya akazihesabu kwa midomo. Kwenye chumba cha tende aliinama, akagusa matuta, akasema vizuri, akauliza mtungi uko wapi. Ukaletwa, akasema siyo huo. Tukafika jikoni. Jiko lilikuwa limekamilika, ukuta umekandikwa, mlango umetengenezwa upya kama tulivyoukuta, unafunguka kuelekea ua. Akasimama katikati akageuka polepole.

"Nani kaziba mlango?"

Kaka akamwonyesha mlango.

"Huu alitoboa baba yenu mwaka tulioleta friji, lilikuwa halipiti. Mlango wa jiko ni ule," akaonyesha ukuta mzima, mkavu, uliokandikwa juzi. "Unatazama kwenye falaj. Upepo unaingia pale, moshi unatoka huku. Mtapikaje na moshi wote uende barazani kwa wageni?"

Kaka alianza kueleza kwamba wageni watapikiwa kwa gesi. Fundi, aliyekuwa ameelewa bila kutafsiriwa, alikwishaanza kugonga ukuta kwa kifundo, akishuka chini taratibu, mpaka sauti ikabadilika. Akakwangua kwa kisu. Ukatokea ukingo wa tao.

Kesho yake asubuhi ukuta ulitobolewa. Mama mkubwa alikaa uani kwenye kiti cha plastiki, kanga mbili juu ya baibui kwa sababu ya baridi, akiwaelekeza vijana wa Bangladesh kwa Kiswahili cha Tabora: hapo, shuka, usiguse hilo jiwe, pole na mkono. Hawakujua neno hata moja. Walifuata kila alichosema, na tao lilitoka zima.